Gari la kulala likianza kusumbua Lindi: uende Masasi, ukae Mtwara, upande basi au ulirudishe Dar?

Ukitoka Dar es Salaam na gari la kulala ndani, ile Hiace au Kombi ya zamani iliyofungwa kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, mpango wa kusini huwa unafanana kwa watu wengi: Kilwa, Lindi, Mtwara, kisha kupanda Newala, kushuka Masasi, kukata Tunduru hadi Songea na kurudi Dar kwa Njombe na Iringa. Kwenye ramani ni duara zuri sana. Lakini gari lenye umri mara nyingi huonyesha ugonjwa wake baada ya kutembea kilomita mia tatu au nne mfululizo, na kwa anayetoka Dar hapo ni kati ya Nangurukuru, ile njia panda ya kuingia Kilwa, na Lindi, vijiji viko mbalimbali na jua la mchana limeshika barabara.

Mimi naishi Mtwara, na kila kiangazi kuna jamaa, au rafiki wa jamaa, anayenipigia simu kutoka Lindi: "Kaka, tuendelee au turudi?" Ukiwa Lindi huna njia mbili, una nne. Unaweza kuingia bara moja kwa moja hadi Masasi na kuendelea na duara lako. Unaweza kwenda Mtwara na kuifanya kituo. Unaweza kuliacha gari gereji na kusafiri kwa basi. Au unaweza kulipakia kwenye lori likarudi Dar. Nitazilinganisha, ila niseme mapema ninapoegemea: kabla hujafuta mahali ulipotaka kufika, badilisha kwanza namna ya kufika. Nasikitika sana nikiona familia imesafiri kilomita 450 na ushee, kisha inageuka Lindi bila kuiona Newala kwa sababu waterpampu inavuja.

Kwanza ujue gari linaumwa nini

Kulinganisha njia bila kujua ugonjwa ni kubahatisha. Klachi inayoteleza, breki zinazozama, altaneta isiyochaji, kila kimoja kina njia inayokifaa. Ila ugonjwa mkuu wa barabara hii ni kuchemsha, na ndio unaovuruga mipango ya wengi, basi nitakaa hapo kidogo.

Kwenye Hiace ya zamani injini iko chini ya viti vya mbele. Zima gari, liache lipoe kabisa, na usiguse mfuniko wa rejeta likiwa moto, maana maji yale yana presha na yanaunguza uso na mikono. Likishapoa nyanyua kiti uangalie kwa macho yako kabla ya kusikiliza maneno ya mtu. Mpira wa maji uliopasuka huonekana. Mpira unaovuja taratibu huacha alama ya maji yaliyokauka pembeni ya klipu. Fenibeliti iliyolegea ukiibonyeza kwa kidole inaingia ndani sana. Hizo ni kazi ndogo, Lindi mjini zinamalizika na unaondoka. Waterpampu iliyochoka huacha mchirizi chini ya puli yake, na puli ukiitikisa inacheza. Hiyo inataka spea.

Kisha chomoa stiki ya oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au maji yanapungua na huoni yanakovujia, au rejeta inatoa mapovu injini ikiwashwa, au moshi mweupe hauishi nyuma hata injini ikishapata moto, gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini, imekwenda, na pengine hedi yenyewe imepinda. Hapo gari lisiende popote kwa nguvu zake. Kila kilomita unayolilazimisha inageuza kazi ya gasketi kuwa kazi ya injini nzima, na bei ya hizo mbili haifanani hata kidogo.

Mafundi wa barabarani watakushauri utoe themostati. Ushauri huo unasaidia kama themostati ndiyo iliyoganda ikafunga njia ya maji. Kama rejeta imeziba au pampu imekufa, hausaidii kitu. Na hata ukisaidia, injini itatembea ikiwa ya baridi kuliko inavyotakiwa na itakula mafuta zaidi. Mimi naukubali kwa kukufikisha mji wa karibu. Kwa kuvuka Tunduru siukubali.

Jambo jingine ambalo wenye magari ya kulala husahau ni uzito. Mbao za kitanda, kabati, friji, betri ya pili, mtungi wa gesi, na tangi la maji. Lita 60 za maji ni kilo 60, na zimekaa nyuma kabisa ya gari. Mwaga, baki na dumu la lita 20 kwa ajili ya rejeta na kunywa. Hayo ni mabadiliko ya kwanza ya mpango, na hayagharimu hata senti.

Masasi au Mtwara

Kilomita 20 na kitu baada ya Lindi mjini, ukishapita Mingoyo, kuna njia panda ya Mnazi Mmoja. Njia moja inakwenda Mtwara, kilomita 80 na ushee. Nyingine inakwenda Masasi kupitia Mtama, Nyangao na Ndanda, kama kilomita 120. Uamuzi ufanyike hapo au kabla ya hapo, mkiwa mmekaa, mmekula, watoto hawalii. Mnaoamua mkiwa porini mmesimama juani, mnaamuliwa na gari.

Masasi inavutia kwa sababu inaonekana kuokoa muda: uko kwenye duara tayari, hurudi nyuma. Na barabara yenyewe si mbaya. Ni lami, vijiji havijaachana sana, na pale Ndanda kuna hospitali kubwa iliyokua pamoja na misheni ya Wabenediktini waliofika hapo mwaka 1906, kwa hiyo hata akiugua abiria badala ya gari, pana pa kukimbilia. Masasi ni mji wa biashara. Malori ya Tunduru na yale yanayokwenda Mangaka na Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji, yote hupita hapo. Mafundi wapo na ni wazuri, lakini kazi yao kubwa ni malori. Fundi anayefungua gia boksi ya Fuso huku amefumba macho anaweza kukuambia, kwa ukweli mtupu, kwamba pampu ya Hiace yako hana na hajui itatoka wapi wiki hii.

Ubaya wa Masasi hauko Masasi, uko mbele yake. Kutoka hapo hadi Tunduru ni karibu kilomita 200, na Tunduru hadi Songea ni zaidi ya 260. Lami ipo siku hizi, na wazee wanaoikumbuka barabara ile ilivyokuwa wanajua ni neema ya namna gani. Lakini watu ni wachache, misitu ni mirefu, na kuna sehemu tembo huvuka. Gari likizima katikati, fundi wa Masasi yuko mbali na fundi wa Tunduru yuko mbali. Anayechukua njia hii na gari asilojua ugonjwa wake anaweka dau kubwa kwa sababu ya kuokoa siku moja.

Mtwara unarudi pembeni, ni kweli. Ila angalia unachopata. Mji wenye bandari, mitambo ya gesi, na kiwanda cha saruji cha Dangote kilichoanza kazi mwaka 2015, ni mji wenye wachomeleaji, watu wa rejeta na mafundi wa magari ya kila aina. Mabasi ya Dar yapo kila siku, kwa hiyo spea ikinunuliwa Kariakoo asubuhi na kukabidhiwa basi, kesho yake unaipokea stendi. Mwenye Kombi ya Volkswagen hata asijisumbue kutafuta spea Lindi, Masasi au Mtwara. Apige picha kifaa cha zamani, namba yake ionekane, aitume kwa mtu wa Dar anayejua maduka ya Gerezani. Tofauti ni kwamba akisubiri Mtwara, anasubiri akiwa karibu na bahari.

Kubwa zaidi kwangu ni hili: barabara ya Lindi hadi Mtwara, kilomita kama 105, ni jaribio. Kama Lindi wamekubadilishia mpira na beliti, kipande hicho kitakuonyesha kama ugonjwa umeisha. Sindano ya joto ikikaa mahali pake hadi Mikindani, unalo gari. Ikipanda, uko mahali sahihi pa kulitibu, hujaingia porini. Masasi haikupi jaribio la namna hiyo, inakupa mtihani wenyewe.

Na Mtwara haikunyimi duara. Kutoka Mtwara bado unaweza kupita Nanyamba, Tandahimba, Newala na kutokea Masasi, ukaungana na mpango wako wa zamani kama gari limethibitika.

Kupanda Newala: kwa Tandahimba au kwa Masasi

Hapa ndipo watu wachache hufikiri, na ndipo ninapotaka ulinganishe kwa makini. Uwanda wa Makonde umeinama. Upande wa bahari ni wa chini, unapanda taratibu kuelekea magharibi, halafu unakatika ghafla. Newala imekaa kwenye ukingo huo. Ukisimama Shimo la Mungu unaona ardhi imeporomoka chini ya miguu yako na bonde la Ruvuma limetandazwa hadi Msumbiji. Sijaona mahali pengine kusini panaponyamazisha watoto wa gari zima kama pale.

Sasa, gari linalochemsha lipande kutokea Mtwara kwa Tandahimba. Ni mbali, kama kilomita 140, lakini mlima umegawanywa kwenye njia nzima na injini haisongwi mara moja. Likipanda kutokea Masasi linakutana na ukingo wenyewe, gia ya pili au ya kwanza, mzigo wa kitanda na kabati, jua la saa saba. Rejeta iliyoziba nusu itajitangaza hapo.

Gari lenye breki za wasiwasi ni kinyume chake. Hilo lisishuke ukingo wa Newala kwenda Masasi hata kidogo. Kama breki ndizo zinazokutia shaka, panda kwa Tandahimba na urudi kwa Tandahimba, au lisipande kabisa mpaka padi na mafuta ya breki yabadilishwe. Na hata lenye breki nzima, mteremko ule uushuke kwa gia ile ile ambayo ungeupandia, usikanyage breki mfululizo mpaka zinuke.

Maji ya rejeta jaza kabla ya kupanda. Uwanda wa Makonde una shida ya maji tangu zamani, visima ni vya kutafuta na miradi inayasukuma maji kutoka mabondeni. Si vizuri kumwomba mama wa watu ndoo aliyoihangaikia ili uimwagie gari, wakati ulipita mji wenye bomba.

Kuliacha gari na kupanda basi

Wenye magari ya kulala huona hii kama kushindwa. Mimi naiona ndiyo njia bora kuliko zote kama spea itachukua zaidi ya siku mbili. Mtwara hadi Newala kuna mabasi madogo, Mtwara hadi Masasi yapo, na ya Songea yapo pia, ukubali tu kuamka alfajiri. Unalala gesti badala ya kitanda chako, unakula kwa mama lishe badala ya jiko lako. Gharama ya kulala inaongezeka, gharama ya dizeli inapotea, na mwisho wa hesabu tofauti si kubwa kama watu wanavyoogopa, hasa mkiwa wawili au watatu. Mkiwa sita na watoto wadogo ndipo hesabu inageuka, na hapo kukaa Mtwara kunashinda.

Kukaa Mtwara nako si adhabu. Mikindani iko kilomita kumi tu, na boma la Wajerumani la mwaka 1895 bado limesimama na unaweza kupanda juu kuangalia ghuba. Pwani ya Shangani iko mjini. Msimbati ni kuzuri kupita kiasi, iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma, lakini njia ya mwisho ni mchanga. Gari zito lenye tairi nyembamba litazama hapo hata likiwa zima. Kodi gari la fobaifo, mkae siku nzima, mrudi jioni.

Kabla ya kuliacha gari, lipige picha zote: tairi la spea, jeki, betri zote mbili, redio, jiko, kilomita zilizo kwenye dashibodi. Andikianeni na fundi kazi itakayofanywa na bei yake, na spea ya zamani uikute ukirudi. Kadi ya gari ondoka nayo. Mtungi wa gesi utoe, usiufunge tu, kwa sababu gereji kuna kuchomelea na cheche hazichagui. Na fundi mzuri utamtambua kwa maswali yake. Ukifika ukasema, "Shikamoo, fundi, gari linachemsha," anayeitikia marahaba kisha akauliza, "Linavuja au linakula maji bila kuvuja? Linachemsha mlimani tu au hata tambarare?" huyo mwachie ufunguo. Anayekimbilia kutaja bei kabla ya kunyanyua kiti, mshukuru utafute mwingine.

Msimu unageuza hesabu yote

Niliyoandika hadi hapa ni ya kiangazi, Juni hadi Oktoba. Kusini huku mvua ni za msimu mmoja, huanza kama Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Oktoba hadi Desemba ni korosho: malori yanaongezeka kwenye barabara za Newala, Tandahimba, Masasi na kuelekea bandarini, na kupata chumba cha kulala kwenye miji ya minada si rahisi.

Mvua kubwa ndizo za kuogopa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, barabara ya Dar hadi Lindi ilikatika sehemu kadhaa upande wa Kilwa, na watu wa Lindi na Mtwara waliotaka kwenda Dar walizungukia Songea, Njombe, Iringa na Morogoro. Safari ya siku moja ikawa ya siku mbili na zaidi. Maana yake kwa mwenye gari la kulala ni nzito: Machi na Aprili, njia ya Songea inaweza kuwa ndiyo mlango wako pekee wa kutokea. Kama gari lako haliwezi kufika Songea, basi miezi hiyo lisiingie Mtwara kabisa. Ukiwa Kilwa na mvua haikatiki na gari linakohoa, geuka ukiwa Nangurukuru. Hapo ndipo mahali pekee ninapomshauri mtu arudi bila kujadiliana.

Kulipakia kwenye lori

Hii ni kwa gasketi iliyokwenda, gia boksi iliyovunjika au injini iliyokwama, na wewe unaye fundi wa kuaminika Dar. Kama huna fundi huyo, litibiwe Mtwara.

Upande wa lori una maana. Malori ya saruji hutoka Mtwara yamejaa kwenda kaskazini, na mengi hurudi mepesi. Kwa hiyo aliyekwama Kilwa au Somanga hupata lori la kumleta kusini kwa urahisi kuliko la kumrudisha Dar, na bei huwa nafuu. Malori yanayoleta bidhaa za madukani Mtwara na Masasi ndiyo ya kuulizia kwa kurudi Dar, ila msimu wa korosho nayo yana kazi, bei inapanda. Kuvutwa kwa kamba kilomita mia nne usikubali; injini ikiwa imezimwa breki huwa ngumu na usukani mzito, na kamba ikikatika mteremkoni hakuna wa kulaumiwa isipokuwa aliyekubali. Kwa umbali mfupi hadi mji wa karibu, tena mchana, vutwa kwa chuma cha kuvutia na siyo kamba.

Kupakia kunataka tuta la udongo lenye kimo cha bodi ya lori. Madereva wanajua yalipo, waulize. Lifungwe kwa mikanda kwenye chasisi na siyo kwenye bampa, magurudumu yawekewe magogo mbele na nyuma, handibreki ivutwe, gia iingie. Tangi la maji liwe tupu, betri zichomolewe, vitu vya kabatini vishushwe chini, na mtungi wa gesi usipande juu ya lori. Patana na dereva kwa maandishi: bei, siku ya kufika, nani analipa kushusha. Mpe nusu, nusu nyingine apewe na mtu wako Dar gari likishagusa ardhi. Wewe mwenyewe, gari likishaondoka, panda basi la Newala kesho yake asubuhi.